Taa za LED za Kuzama kwa Deki, Patio na Ukuta: Rada Yote Kabla Fundi Atoboe

Umeziona tu. Zile taa ndogo zimezama kwa mbao za veranda ama kwa ngazi, huoni balbu, huoni waya, unaona mwanga umelala sakafuni. Airbnb za Naivasha na Nanyuki zimejaa hizo vitu, na mikahawa ya juu ya maghorofa pale Westlands na Kilimani pia. Msee anafika, anaagiza soda moja, anapiga picha arobaini. Sasa umejipanga, umejenga kwako ama mathee amekuambia utengeneze mbele ya nyumba ya ocha, na unataka hio form. Soma hii kwanza, ju hapa tunaongea juu ya stima, maji na watu wanatembea bila viatu, zote pahali pamoja.

Tuanze na majina. Taa ya kuzama ni taa yenye mwili wake umeingia ndani ya shimo, uso peke yake ndio unabaki nje, sare na mbao, sakafu ama ukuta. Na deki, kabla mtu aanze, si ile ya kupiga na tambara Jumamosi asubuhi. Ni sakafu ya mbao iliyoinuliwa nje ya nyumba: mbao zimelala juu ya mihimili, chini kuna nafasi. Patio ni sakafu ya nje ya simiti, mawe ama kabro.

Kwa upande wa doh, LED haina mpinzani. Chukua taa 10 za wati 3 kila moja. Hio ni wati 30 jumla. Ukiziwasha saa kumi na mbili unusu jioni hadi saa tano unusu usiku, ni masaa matano, yaani uniti 4.5 za tokeni kwa mwezi mzima. Zile taa za halojeni za kitambo za wati 50, idadi hio hio na masaa hayo hayo, zingekula uniti 75. Hapo sina la kuongeza.

Volti ngapi? Hapa ndio maisha yako iko

Stima ya Kenya ni volti 240. Taa za nje za kuzama zinakuja za aina mbili: zile zinaingia moja kwa moja kwa hio 240, na zile za volti 12 ama 24 ambazo zinapitia kwa kifaa kinaitwa draiva, wengine huita transfoma. Draiva inachukua 240 inaishusha.

Kwa deki na patio, chukua za volti 12 ama 24. Sitazunguka hapo. Sababu ni rahisi: pahali pale ni pa maji. Mvua inanyesha, mtu anamwaga ndoo, mtoto anatoka kuoga anakimbia bila viatu. Waya wa volti 12 ukikwaruzwa na panya, kitu mbaya utapata ni taa kuzima. Waya wa 240 ukikwaruzwa chini ya mbao zenye maji, unaweza kuzika mtu. Na mwili ukilowa, ngozi haizuii stima vile huzuia ikiwa kavu, ndio maana mshtuko wa nje ni mbaya kuliko ule wa sebuleni.

Cheki pia kwa boksi la draiva kuwa imetenganisha kabisa upande wa 240 na upande wa 12. Kuna draiva za bei ya kutupa ambazo ndani yake hizo pande mbili zimeshikana, na hapo namba 12 imeandikwa tu kukubembeleza.

Sasa nani afanye nini? Kupanga taa zikae wapi, kutoboa mbao, kulaza waya wa volti 12, hizo unaweza kufanya na mbogi yako wikendi. Lakini chochote cha 240, yaani kutoka kwa swichi kuu hadi kwa draiva, ni cha fundi mwenye leseni ya EPRA. Hio ni sheria ya nchi, si maoni yangu. Mwitishe leseni kabla ya kumpa hata soo ya chai. Fundi wa ukweli haoni noma kuulizwa, anatoa kadi, story inaendelea. Yule anaanza kukuambia amefanya hii wera miaka ishirini na hajawahi kuulizwa leseni, mpe pole na umwache aende. Na usidhani Kenya Power watakuja kukusaidia: wire za nyumba yako baada ya mita ni zako.

Kitu kingine fundi lazima aweke kwa hio laini ni RCD ya miliampea 30, kama nyumba haina. Hiki kidude kinapima stima inayotoka na ile inarudi. Kama kiasi kinachotoka hakirudi chote, maana yake kuna pahali inavuja, labda kwa maji, labda kwa mwili wa mtu, na RCD inakata papo hapo. Breka ya kawaida haiwezi kukufanyia hio kazi. Breka inangoja hadi waya uzidiwe, na mtu hufa na stima kidogo sana kuliko hio. RCD ina kitufe kimeandikwa T. Kibonyeze mara moja moja. Isipokata, hauna RCD, una pambo.

Usidanganywe na neno waterproof

Pale Luthuli na River Road kila taa ni waterproof. Ukiuliza unaambiwa waterproof, usipouliza unaambiwa waterproof. Achana na hilo neno, tafuta herufi mbili na namba mbili: IP. Namba ya kwanza ni vumbi, mwisho wake 6. Ya pili ni maji. IP44 inavumilia kumwagikiwa kidogo, hio ni ya ukuta ulio chini ya paa. IP65 inavumilia maji ya kurushwa na mpira, hio ni ya chini kabisa kwa ukuta ulio wazi. IP67 inaweza kuzama mita moja kwa dakika 30 bila maji kuingia, na hio ndio unataka kwa chochote kinachoangalia juu: deki, patio, kabro. IP68 inazidi hapo, kwa kina ambacho mtengenezaji mwenyewe ameandika.

Mbona taa ya sakafu ihitaji kuvumilia kuzama na haiko kwa swimming? Ju shimo ni kikombe. Mvua ya Aprili ikishuka Nairobi, maji yanaingia kwa hilo shimo na kukaa, na taa yako inakaa ndani kama tibeg.

Kwa bidhaa, cheki alama ya KEBS, na kama ni ya kutoka nje iwe na kile kibandiko cha bidhaa zilizoingizwa nchini. Bidhaa zilizotengenezwa hapa zenye alama ya ubora zina namba ya kibali. Tuma SM#, halafu hio namba, kwa 20023, utajibiwa ni ya nani. Muuzaji akikuona unatuma hio meseji, hata sauti inabadilika.

Nunua moja kwanza. Ipeleke keja, iwashe ndani ya ndoo ya maji usiku mzima ukitumia draiva ya volti 12, na hio draiva ikae mbali na ndoo, pahali pakavu. Asubuhi ukiona ukungu ndani ya kioo, umeokoa pesa ya zile tisa zimebaki.

Deki ya mita 6 kwa 3, tufanye pamoja

Chukua deki ya kawaida nyuma ya nyumba pale Kitengela, mita 6 mbele, mita 3 kila upande, upande wa nne ni ukuta wa nyumba. Ukitembea kwenye ukingo wa nje unapata mita 12. Weka taa ya kwanza sentimita 60 kutoka ukutani, halafu kila mita 1.2 weka nyingine. Utafikisha taa 10, na mbili kati ya hizo zitaangukia kwa kona zote mbili. Hesabu imekubali bila kulazimishwa. Watu wengi huweka nyingi sana, nafasi ya nusu mita, na deki inakaa uwanja wa ndege. Hizi taa ni za kuonyesha ukingo uko wapi mtu asianguke, si za kusomea gazeti.

Kabla ya kutoboa, ingia chini uangalie mihimili. Shimo likiangukia juu ya mhimili umejikata mwenyewe: taa haina pa kuingia na mhimili unapoteza nguvu. Sogeza taa sentimita chache, hakuna mtu atagundua.

Upana wa shimo umeandikwa kwa boksi la taa. Usikisie. Tumia ule msumeno wa duara unaofungwa kwa drili, jaribu kwa kipande cha mbao kilichobaki kwanza, ndio uende kwa deki. Ukitoboa kutoka juu, simama pale ncha ya katikati inachungulia upande wa pili, halafu malizia kutoka chini. Ukipitiliza moja kwa moja mbao inachanika upande wa chini, na mvule si mbao ya kuchezea na bei zake.

Taa zikiwa 10 za wati 3, draiva isiwe ya wati 30. Draiva inayofanya kazi kwa mwisho wa uwezo wake inachemka na kufa mapema. Iachie asilimia 20 ya kupumua: hapa chukua ya wati 40. Iweke pahali pakavu penye hewa, ukutani chini ya paa ama ndani ya boksi la nje lenye IP yake, kamwe usiizike kwa mchanga. Na usisahau wati 40 za draiva ya plastiki na wati 40 za draiva ya chuma nzito si kitu kimoja kila mara. Inua uzito, utajua.

Taa za volti 12 zinaungwa sambamba: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kila moja inachukua kutoka kwa laini kuu. Kuna zingine zinaungwa mfululizo na draiva ya ampea maalum. Hizo mbili hazichanganywi, kwa hivyo soma karatasi.

Laini ikiwa ndefu, volti zinaibiwa njiani. Tuseme draiva iko mita 20 kutoka kwa deki. Taa zako 10 zinavuta ampea 2.5 kwa volti 12. Stima inaenda na kurudi, so waya ni mita 40. Waya wa shaba wa 1.5 una ukinzani wa kama ohm 12 kwa kilomita, kwa mita 40 ni karibu ohm 0.5. Zidisha na ampea: umepoteza kama volti 1.2, asilimia 10 nzima, na taa zinaanza kufifia na zile za mwisho kabisa zinaaibisha wenzao. Ukiweka waya wa 2.5, hasara inashuka hadi karibu asilimia 6. Ukienda kwa taa za volti 24 na ule waya wa 1.5, ampea zinakuwa nusu na hasara inakuwa asilimia 2.5 tu. Ndio maana kwa compound kubwa fundi mjanja anachukua 24. Kwa deki ndogo, sogeza draiva karibu na ulete laini katikati ya deki, igawanyike pande mbili.

Waya wenyewe, ukwangue kidogo na kisu. Kama juu ni shaba na ndani ni nyeupe, hio ni aluminiamu imepakwa rangi ya shaba. Rudisha.

Mahali maji hupitia kweli

Wengi wanadhani maji huingia kwa kioo. Mara nyingi yanaingia kwa nyuma, kwa waya. Taa ikiwaka, hewa ndani inapata joto na kupanuka. Mvua inashuka ghafla, ama unaizima ukienda kulala, hewa inapoa na kujikunja, na taa inavuta hewa kutoka popote inaweza. Kama unganisho la waya limelala kwa unyevu, inavuta hio maji kupitia ndani ya waya, katikati ya ganda na shaba, hadi kwa chipu. Taa yenye IP67 inakufa hivyo, na msee anarudi dukani akipiga kelele kuwa ameuziwa feki.

Dawa yake ni maunganisho, na hapa sitaki mchezo: tepu nyeusi haizuii maji. Inazuia stima kwa vidole vyako kwa muda, basi. Tumia vile viunganishi vyenye jeli ndani, ama viboksi vya kujaza na gundi ngumu. Acha waya ushuke kidogo chini ya unganisho kabla upande tena, maji yanayofuata waya yadondoke hapo kwa mkunjo. Chini ya deki, pitisha waya kwa paipu na uifunge kwa mihimili, usiuache ardhini. Panya wa Nairobi hawachagui, wanakula hadi waya wa dinga.

Patio na kabro

Hapa shida ni moja: chini hakuna nafasi, kuna udongo. Chimba shimo lipite urefu wa taa kwa sentimita 20 hadi 30, ujaze kokoto chini, ndio uweke ile kopo ya plastiki inayokuja na taa, ndio taa iingie. Kokoto ndio mfereji wako. Ukisakafia taa kwa simiti bila kokoto umeijengea kisima. Jaribu kumwaga ndoo ya maji kwa shimo kabla taa iingie: kama baada ya nusu saa maji bado yako, na ardhi ya black cotton ya Kitengela na Syokimau ina hio tabia, ongeza kina ama tafuta njia ya kuyatoa pembeni.

Kama gari hupita hapo, taa lazima iandikwe kuwa inabeba gari. Kuna za kukanyagwa na mtu na za kukanyagwa na gari, na Probox iliyojaa haijui tofauti.

Ukuta na ngazi

Kwa ukuta na ngazi, taa bora ni zile uso wake unaelekeza mwanga chini. Weka kama sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini. Mwanga unaanguka kwa njia, hauingii kwa macho ya mgeni anayepanda.

Nyumba ikiwa bado inajengwa, una bahati. Mwambie fundi aweke paipu za 20 na maboksi kabla ya plasta. Taa nyingi za ngazi zinaingia kwa boksi la 3 kwa 3 ama 3 kwa 6, yale yale ya soketi. Nyumba ikiwa imeisha, ni grainda na vumbi. Kwa mawe ya Ndarugu kata mfereji wa kusimama, usikate mrefu wa kulala kwa ukuta unaobeba slabu, ju unaudhoofisha. Na kama ni ukuta wa nje wenye umeme wa kuzuia wezi juu yake, waya za taa zisipite paipu moja na za hio fensi. Hio ni volti elfu kadhaa, hata kama inakuja kwa midundo.

Ukimaliza, ziba juu na pande za taa kwa silikoni, uwache chini wazi kidogo. Maji yatakayoingia yapate mlango wa kutoka.

Rangi ya mwanga, na kumbikumbi

Rangi hupimwa kwa kelvini. 2700 hadi 3000 ni ile ya manjano ya jioni, 6500 ni nyeupe ya wodi ya hospitali. Nje chukua 3000 kushuka. Mbali na kupendeza, mwanga mweupe-bluu huvuta wadudu zaidi, na mvua zikianza unajua kinachotoka ardhini. Kumbikumbi wakikuta deki yako inawaka 6500, utafagia mabawa wiki nzima. Kama wewe ni wa Western ama Nyanza, hio si hasara, ni mboga. Uamuzi ni wako.

Pwani kuna jambo lingine. Chumvi ya hewa inakula chuma: chuma cha pua cha 304 kinaanza madoa, kwa hivyo nyumba ikiwa Diani ama Watamu tafuta 316. Na kama uko mbele ya ufuo, zima taa zinazoangalia bahari. Kasa wadogo wakitoka kwa mayai usiku hufuata upande unaong'aa, ambao kawaida ni maji. Taa zako zikishinda bahari kwa mwangaza, wanapanda kuja kwako badala ya kushuka, na wengi hawafiki asubuhi.

Kama umekodi

Usitoboe bila ruhusa ya mwenye ploti, na iwe kwa maandishi, hata WhatsApp. Deposit imepotea kwa sababu ndogo kuliko shimo kumi. Kama amekataa, kuna taa za sola za kubandika; zinafanya kazi, ila jua la Nairobi likijificha kuanzia Juni hadi Agosti zitazima mapema, ujue hivyo.

Na kama ni kwako, kabla mbao zirudi na plasta ipakwe, piga picha za kila waya ulipopita, na futi ya kupimia ionekane kwa picha. Miaka ijayo kuna mtu atakuja na drili kufunga antena ama kamba ya nguo. Tuma hizo picha kwa mtu mwingine wa nyumba pia, ju simu yako inaweza kusanywa hapo stage ukirudi home.